Rafu ya Msimu: Kupendekeza Vitabu Mwaka Mzima Katika Maktaba Ndogo ya Pwani

Orodha za vitabu vya msimu zinazotoka Ulaya zimejengwa juu ya mambo mawili: usiku mrefu wa baridi na likizo ya ufukweni. Kwetu hayo hayapo. Kati ya Tanga na Mombasa jua huzama karibu saa ileile Januari na Julai, tofauti haifiki hata saa moja, na ufukweni wengi wetu tunakwenda kununua samaki. Mkutubi akizinakili orodha hizo atapata rafu ya kupendeza ambayo hakuna anayeigusa.

Kinachobadilika kwetu mwaka ukizunguka ni nani ana nafasi. Masika mkulima yuko shambani kutwa, lakini muuza duka amejikunyata dukani bila mteja. Kusi likichachamaa, mvuvi wa ngalawa anashinda nchi kavu akishona nyavu. Novemba mtahiniwa wa kidato cha nne hataki hata kusikia habari ya riwaya. Wiki moja baada ya mtihani hana la kufanya mpaka mwakani. Kwa hiyo tafuta kwanza msomaji mwenye nafasi, ndipo utafute kitabu kinachomfaa. Ukianza na mada, utaishia kuweka vitabu vya mvua wakati wa mvua. Mvua ikinyesha hakuna anayetaka kusoma habari za mvua. Anataka kitabu kisichokwisha kabla haijakatika.

Mwongozo huu umepimwa kwa pwani. Dodoma, Singida na Tabora mvua ni za mkupuo mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, kwa hiyo masika na vuli utaziunganisha. Kenya shule zina mihula mitatu, na likizo zake ni Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka; sogeza tarehe za watoto ipasavyo.

Anza na daftari la kuazimia

Chukua daftari la mwaka uliopita na karatasi kubwa. Miezi 12 iandike juu, wasomaji waandike pembeni: watoto wa msingi, wanafunzi wa sekondari, vijana waliomaliza shule, wanawake watu wazima, wanaume watu wazima, wazee. Kila kitabu kilichoazimwa kipigie kijistari mahali pake. Maktaba yenye vitabu mia tatu vilivyoazimwa kwa mwaka haitakuchukua zaidi ya asubuhi moja.

Kisha pitia tena, safari hii ukitazama tarehe za kurudisha. Mwezi ambao vitabu vingi vimechelewa unakuambia kwamba siku 14 hazikutosha, ama kwa sababu watu walisafiri au kwa sababu vitabu vilikuwa vinene kuliko nafasi waliyokuwa nayo. Kitabu kilichorudi baada ya siku mbili ni cha kuchunguza zaidi. Ama kimemezwa usiku mmoja, ama kimetupwa ukurasa wa kumi. Daftari haliwezi kukuambia ni lipi, kwa hiyo anapokirudisha muulize msomaji umeishia wapi. Usimuulize kama amekipenda, maana kwa adabu atasema ndiyo.

Ukubwa wa rafu na mahali pake

Rafu moja ya sentimita 90 inatosha. Vitabu vitano vitazame mbele, majalada yakionekana, na vingine kumi vikae kwa mgongo. Riwaya zetu nyingi ni nyembamba, na mgongo wake hauna nafasi ya maandishi yanayosomeka kwa mbali. Kitabu chembamba kikiwekwa kwa mgongo ni kama kimefichwa. Hivyo vinavyotazama mbele viwe hasa vile vyembamba.

Kwa watu wazima weka rafu kwenye usawa wa kifua hadi macho, kama sentimita 120 hadi 150 kutoka sakafuni. Ya watoto ishuke sentimita 60 hadi 100. Ikae karibu na meza ya kurudishia vitabu, mahali ambapo watu husimama wakisubiri mhuri. Isikae dirishani: kiangazi jua litayafifisha majalada, masika mvua itapenya.

Sheria moja usiivunje: usitangaze kitabu chenye nakala moja bila orodha ya kusubiria. Ukibandika pendekezo, mtu wa kwanza akaondoka na kitabu, wengine kumi wanasoma kadi ya kitu kisichokuwepo, na baada ya mara ya tatu hawaitazami tena rafu yako. Ukiwa na nakala tatu, mbili ziazimwe na moja isomewe hapohapo. Ukiwa na moja tu, nyuma ya kadi chora mistari sita ya majina na nambari za simu, na umpe kila mtu siku saba badala ya 14.

Kadi ya pendekezo

Hapa ndipo kazi yote ilipo. Kata karatasi ya manila vipande vya sentimita 10 kwa 15. Kila kadi iwe na maneno 30 hadi 40, kwa herufi za mkono zinazosomeka ukiwa umesimama hatua mbili mbali. Iseme mambo manne: hadithi inaanzia kwenye tatizo gani, inamfaa nani, itamchukua muda gani, na nini kitamkwaza njiani.

Kadi mbovu ya *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Muhammed Said Abdulla huandikwa hivi: «Riwaya nzuri sana ya upelelezi yenye mafunzo mengi kwa jamii.» Maneno hayo yanaweza kubandikwa kwenye kitabu chochote, na neno «mafunzo» linamkumbusha msomaji mtihani. Ilinganishe na hii:

«Mwenye shamba kubwa amekutwa amekufa penye mzimu, na kila aliyemzunguka ana la kuficha. Bwana Msa anavuta kiko chake na kuwasikiliza wote. Kiswahili cha Unguja: maneno mageni kurasa za mwanzo yasikutishe. Jioni tatu umemaliza.»

Sentensi ya tatu ndiyo inayookoa kitabu. Msomaji wa bara akikutana na lahaja asiyoizoea hudhani kosa ni lake, anafunga. Akiambiwa mapema kwamba ugumu uko mwanzoni tu, anavumilia.

Usiitie kadi selotepu kwenye jalada. Kwa joto la pwani gundi yake huyeyuka, kisha hukauka ikaacha doa la njano lisilotoka. Ingiza kadi ndani ya jalada la mbele na uache sentimita tatu zichomoze juu, au ifunge kwa utepe wa karatasi unaozunguka kitabu kizima. Mtu akiazima, chomoa kadi ubaki nayo.

Kiangazi: Januari na Februari

Kaskazi inavuma, joto la mchana halisemeki, na pesa ya nyumbani imekwenda kwenye ada na sare. Wanaoingia maktaba wanatafuta vitabu vya kiada au feni. Usijichoshe na riwaya nene. Weka diwani na tamthilia, vitu vya kusomwa hapohapo kwa nusu saa: *Sauti ya Dhiki* ya Abdilatif Abdalla, mashairi aliyoyatunga akiwa kifungoni Kenya kati ya 1969 na 1972, au *Kichomi* ya Kezilahabi kwa anayetaka kuona shairi lisilo na vina. Wawili hao waweke ubavuni kwa ubavu. Wapenzi wa vina na wapenzi wa shairi huru watabishana wenyewe mbele ya rafu, na ubishi huo huazimisha vitabu kuliko bango.

Unguja na Pemba, tarehe 12 Januari huleta watu wanaouliza habari za Mapinduzi. *Kasri ya Mwinyi Fuad* ya Adam Shafi ndiyo ya kwanza kuwapa.

Ramadhani: andika kwa penseli

Ramadhani husogea nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka wa miladi, kwa hiyo kwenye mpango wako usiifunge kwenye mwezi mmoja. Mwaka 2026 inaanza katikati ya Februari, wiki moja na Kwaresma; 2027 itatangulia zaidi. Mpango uliochapwa wa mwaka uliopita ukirudiwa bila kuguswa utakuta unapendekeza vitabu vya futari watu wakiwa kwenye sita za Shawali, funga ya hiari ya baada ya Idi.

Saa za kusoma pia hugeuka. Asubuhi maktaba huwa tupu. Watu huingia baada ya alasiri, wakingoja jua lizame, wakiwa na kiu na bila nguvu ya kufuatilia mtiririko mrefu. Kinachofaa ni kitabu kinachogawanyika chenyewe. Hapo *Kusadikika* ya Shaaban Robert haina mpinzani: Karama anashtakiwa barazani, na utetezi wake ni visa vya wajumbe sita waliotumwa pande sita, nne za dunia, mbinguni na ardhini. Mjumbe mmoja kila alasiri, siku sita umefika mwisho wa safari zao, ya saba unasoma hukumu. Andika mgawanyo huo kwenye kadi kabisa.

Tenzi zisomwe kwa sauti. *Al-Inkishafi*, inayouonya moyo kwa kuonyesha magofu ya majumba ya Pate, na *Utendi wa Mwana Kupona* wa 1858, wosia wa mama mgonjwa kwa bintiye, zilitungwa zisikike. Tafuta toleo lenye sherehe, yaani maelezo ya maneno magumu, la sivyo Kiamu, lahaja ya Lamu, kitamshinda msomaji kwenye beti za kwanza. Tafsiri ya Qurani ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy itaulizwa na wengi. Iweke rafu ya juu kabisa peke yake, usiichanganye na riwaya wala usiiweke chini yake.

Vitabu vya upishi vitoe katikati ya mwezi wa Shaabani. Mama anayepanga futari hupanga mapema. Ukivitoa siku ya kwanza ya mfungo umechelewa, sukari na tambi zimeshanunuliwa. Navyo viazimwe vikiwa na jalada la nailoni ya kung'aa, kwa sababu vitasomwa karibu na mafuta ya moto. Ukurasa uliolowa mafuta hauna dawa. Ukiusugua, doa linatanuka.

Masika: Machi hadi Mei

Msimu huu una wasomaji wa aina mbili wasiofanana hata kidogo.

Mkulima umpe kitabu chake Februari. Kijitabu cha nafasi za kupandia mahindi au cha magonjwa ya muhogo kikitoka Aprili hakina faida, shamba limekwisha pandwa. Kanuni yetu ni wiki tatu hadi nne kabla ya kazi kuanza, na hii ni kwa kila kitabu cha maarifa ya mikono. Kwa anayependa hadithi, *Utubora Mkulima* ya Shaaban Robert, kuhusu mtu anayeacha kazi ya mjini akashika jembe, inakwenda vizuri na vijitabu hivyo, ingawa wakulima wenyewe huicheka kidogo.

Mtu wa mjini ndiye wa vitabu vinene. Hapa toa *Vuta N'kuvute* ya Adam Shafi, yenye Yasmin anayetoroka ndoa ya mzee Raza. Toa *Peponi*, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis, inayomfuata kijana Yusuf aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake. Na kwa mwenye subira ya kweli, toa *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka* cha Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyekiandika kwanza kwa Kikerewe kisha akakitia mwenyewe kwenye Kiswahili. Kitabu hicho hakina haraka. Watu wanapika, wanavua, wanatembeleana, wanaugua. Msomaji wa mtindo wa kusaka nini-kitatokea atakichoka, na kadi iseme hivyo waziwazi. Kipe siku 28.

Tatizo la masika ni mwanga. Wingu zito na umeme wa kukatika hufanya maandishi madogo yasisomeke. Kabla hujaweka kitabu kwenye rafu hii, kishike umbali wa mkono mmoja, karibu na dirisha, saa kumi na moja jioni siku ya mawingu. Ukilazimika kukisogeza, kirudishe, kitatoka Julai. Matoleo mengi ya miaka ya sabini yenye karatasi iliyogeuka kahawia hushindwa jaribio hili hata kama hadithi ni tamu.

La pili ni njia ya kwenda nyumbani. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017 na Tanzania Bara tangu Juni 2019, kwa hiyo msomaji hana cha kufunikia kitabu. Mpe fundi cherehani viroba vilivyotumika vya kilo 50. Kiroba kimoja hutoa mifuko minne ya sentimita 25 kwa 35 yenye mfuniko wa kukunja. Upande wenye maandishi uwe nje. Osha kwanza unga wote utoke, kwa sababu unga uliobaki kwenye mishono ndio unaoita mende.

Kitabu kikirudi kimelowa, usikianike juani. Jalada litajikunja na kurasa zitashikana. Fanya hivi:

1. Kisimamishe wima, kurasa zikiwa zimefunguka kama feni, juu ya kitambaa kikavu.
2. Baada ya kila kurasa 20 hivi ingiza karatasi nyeupe inayonyonya maji. Gazeti litaacha wino.
3. Badilisha karatasi kila saa kwa saa nne za mwanzo, kisha asubuhi na jioni.
4. Washa pangaboi chumbani, lakini lisipige kitabu moja kwa moja.
5. Kikikauka kabisa kilaze chini ya ubao wenye matofali mawili kwa siku mbili.

Una siku mbili tu. Karatasi iliyokaa mbichi saa 48 huanza kuota kuvu. Kama vitabu ni vingi na mikono ni michache, vifunge kimoja kimoja na uvitie kwenye friza mpaka upate nafasi. Baridi inasimamisha kuvu na kazi itakusubiri. Vitabu vya picha vyenye karatasi ya kung'aa ndivyo vya kukimbilia kwanza, kwa kuwa kurasa zake zikikauka zimegusana hazitengani tena.

Rafu zenyewe zikae sentimita kumi kutoka ukutani, na ubao wa chini kabisa uwe sentimita 15 juu ya sakafu. Kila Jumatatu chungulia nyuma kwa tochi utafute mstari wa udongo. Mchwa hapigi hodi.

Kipupwe: Juni hadi Agosti

Hiki ndicho kilele cha mwaka wa maktaba ya pwani. Hewa imepoa, mavuno yameingia, shule zimefungwa Juni, na kusi limewaweka wavuvi wengi wa vyombo vidogo nchi kavu.

Kwa watoto usiandike orodha ya «lazima usome». Wape kadi yenye miraba mitano na mhuri kwa kila kitabu. Wasizidi vitabu viwili kwa mara moja, kwa siku saba. Ukiruhusu zaidi, watoto watatu wenye nguvu watahamisha rafu nzima nyumbani kwao. Kupima kama kitabu kinamfaa, mfungulie ukurasa wa katikati asome kwa sauti, akunje kidole kimoja kwa kila neno asilolijua. Vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa kwisha, kitabu ni kigumu kwa sasa. Kisipokunjwa hata kimoja, ni chepesi mno, atachoka. Viwili au vitatu ndivyo vizuri.

Kuna mtoto atakayesoma jalada la nyuma tu akaja kudai mhuri. Usimtahini majina ya wahusika, anaweza kuyakariri. Muulize ni sehemu gani angeibadilisha kama kitabu kingekuwa chake. Ambaye hakusoma hatakuwa na jibu, na ambaye amesoma hatanyamaza.

Jumamosi asubuhi soma kwa sauti, dakika 20, usizidi. Hekaya za Abunuwasi zinaisha katika kikao kimoja. *Adili na Nduguze* ya Shaaban Robert, yenye ndugu waliogeuzwa manyani, gawanya kwa wiki kadhaa na ukatize pabaya kwa makusudi. Nakala ziwe mezani ukimaliza: mtoto asiyeweza kungoja Jumamosi ijayo ndiye uliyekuwa unamtafuta.

Kwa wavuvi, peleka sanduku la vitabu 20 dikoni badala ya kuwangoja. Upelelezi na ujasusi ndivyo vinavyokwenda: Willy Gamba wa Elvis Musiba, Joram Kiango wa Ben Mtobwa. *Kuli* ya Adam Shafi, ya wachukuzi wa bandari ya Unguja na mgomo wa 1948, huzua mazungumzo marefu kuliko zote. Mtafute mmoja wao ashike daftari, jina na tarehe tu. Kitu cha kuangalia ni pini za stepla. Hewa ya chumvi huzitia kutu ndani ya miezi michache, kutu inakula karatasi, na kijitabu kinaachia katikati. Vijitabu vyote vya stepla ving'oe pini kabla havijaenda pwani na uvishone kwa uzi wa pamba uliopakwa nta, matundu matatu yanatosha.

Tarehe mbili za kushikia: 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, na 8 Agosti, Nane Nane. Ya kwanza inafaa *Wasifu wa Siti binti Saad*, maisha ya mwimbaji wa taarabu aliyetoka Fumba. Ni kifupi, na wazee hupenda kukisikia kikisomwa huku sahani ya santuri ikizunguka. Ya pili ni ya vitabu vya kilimo, na hapa kumbuka kanuni ya wiki nne: wanaotoka maonyeshoni wanapanga vuli.

Vuli na mwisho wa mwaka

Septemba darasa la saba, Novemba kidato cha nne. Vitabu vya fasihi vilivyomo kwenye mtaala viondoe kabisa rafu ya msimu. Mchana viazimwe kwa muda wa saa mbili tu, na vya kulala navyo vitoke saa kumi jioni na kurudi saa mbili asubuhi. Ukiviacha kwenye mkopo wa siku 14, mwanafunzi mmoja atakaa na kitabu wanachokihitaji arobaini. Katikati ya pilika hizo, tarehe 14 Oktoba, siku ya kumkumbuka Mwalimu, weka tafsiri zake za Shakespeare, *Juliasi Kaizari* na *Mabepari wa Venisi*. Watakaoziazima ni wachache, na inatosha.

Wiki ya mwisho ya mtihani wa kidato cha nne ndiyo ya kulala macho. Vijana hawa wana miezi mitupu mbele yao, na ni wasomaji bora kuliko wote mtakaowapata mwaka huo. Shida ni kwamba uanachama wao umedhaminiwa na shule, na siku wanapoondoka unakufa. Nenda shuleni Oktoba na fomu mpya, mdhamini awe mzazi au mlezi. Ukingoja Desemba umeshawapoteza.

Kisha wawekee vitabu ambavyo hakuna atakayewatungia maswali juu yake. *Rosa Mistika* ya Kezilahabi, iliyopigwa marufuku shuleni ilipotoka 1971, inajitangaza yenyewe. Andika hivyo kwenye kadi na usiongeze neno. *Siku Njema* ya Ken Walibora, ya kijana wa Tanga anayevuka mpaka kuingia Kenya kumtafuta baba yake, ni ya yule anayesema hapendi kusoma. *Nyota ya Rehema* ya Mohamed Suleiman Mohamed itamshika mwanzoni kwa Kiswahili chake, na baadaye kwa hasira.

Desemba watu husafiri, Wachaga hasa, wanapanda Moshi kwa mabasi yaliyojaa. Msafiri mpe kitabu chembamba kinachoingia mfuko wa koti, siku 28, na nambari ya simu iliyohakikiwa kwa kupigwa palepale mezani. Usitoe nakala ya mwisho ya kitabu chochote kwa safari.

Kubadilisha rafu

Usiing'oe yote siku moja. Kila wiki sita ondoa nusu, uache nusu, ili anayerudi akikute alichokiona mara iliyopita. Kitabu kilichokaa wiki tatu bila kuguswa kibadilishie kadi kwanza. Kikikaa tatu nyingine, kiondoe. Kadi zilizoondolewa andika nyuma mwaka, mwezi na mara ngapi kitabu kiliazimwa, kisha uzitie kwenye kisanduku chenye vigawanyo 12. Za Ramadhani zikae na kigawanyo chao cha kumi na tatu, nyuma ya vingine vyote.